Usivute Kabla Haijafunga

Utoto wangu wote nilinyolewa na mkimbizi. Kwetu ni Ngara, upande wa Tanzania, na kambi ya Lukole haikuwa mbali na kijiji chetu. Warundi waliovuka mpaka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, walikuja na walichoweza kubeba: sufuria, mkeka, mtoto mgongoni. Kinyozi wetu alikuja na mashine ya mkono, ile ya kubana kama koleo, ameiviringisha kwenye kitambaa cha kijani. Aliweka kigoda chini ya mti pembeni ya soko la kambi, na kila mwisho wa mwezi baba alitukusanya watoto wanne kwenda kwake. Kisa kilikuwa bei. Ila baba hakupenda kuonekana bahili, kwa hiyo alikuwa na maelezo mengine: "Yule mzee hatoi damu."

Kambi ilifungwa mwaka 2008, naye akarudi kwao. Tukabaki na jina la mahali tu, Giteranyi, ambalo nyumbani tulilitamka kila mara mtu aliporudi kutoka mjini kichwa kimechanjwachanjwa: "Ungekipeleka Giteranyi."

Oktoba 2024 kazi ilinipeleka Gitega. Njia ya kurudi Ngara inapita Muyinga, kisha mpakani Kobero. Giteranyi iko kaskazini ya njia hiyo, kwenye ile kona ya Burundi inayopakana na Tanzania na Rwanda kwa pamoja. Nilikuwa na siku nane za likizo na wazo moja la kitoto: kumtafuta mzee yule anifundishe kunyoa. Nimekula kwa kalamu miaka kumi na miwili, na sijawahi kutengeneza kwa mikono yangu kitu ambacho mtu mwingine alitoka nacho barabarani akiringa.

Gitega ni mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, na tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Siku ya mwisho kule niliingia saluni moja yenye kiti cha kuzunguka, kioo cha ukuta mzima na picha za vichwa thelathini vyenye namba. Mteja hasemi anataka nini, anasema namba. Kijana aliyeninyoa alikuwa amesomea kazi hiyo miezi mitatu kwenye kituo cha ufundi, akanionyesha cheti chake kwenye simu hata kabla sijakaa. Mwezi wa kwanza mashine na ukubwa wa vichana vyake, wa pili ule mkato wa kufifisha nywele toka shingoni kwenda juu, ambao wao huuita degrade kwa Kifaransa, wa tatu rangi na ndevu. Mtindo wenyewe, alisema, umetoka kwa Wakongo; Mrundi akitaka kupendeza huenda kwa Mkongo au kwa aliyefundishwa na Mkongo. Nilipomuuliza habari za mashine ya kubana alicheka mpaka akazima ya kwake. "Hiyo ni ya kunyolea babu."

Mkono wake lakini ulikuwa mzuri. Nalisema hili mapema, nisije nikaonekana mmoja wa wale wanaosafiri ili walie machozi juu ya vitu vilivyopita. Kabla ya saluni nilikuwa nimepita Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1955, na kichwa kilikuwa bado kimejaa vichwa vya zamani: wanaume wa nchi hizi wenye mashungi ya nywele yaliyochongwa kama mwezi mchanga, mtindo ambao majirani wa Rwanda wanauita amasunzu. Hakuna umeme uliochonga yale. Ulikuwa wembe na jicho. Degrade ya kijana wa Gitega ni mjukuu wa kazi ile, tena mjukuu anayefanana na babu kuliko mwana: kwa sababu kati yao kulipita kizazi kizima cha kipara na nywele fupi za sare, kizazi cha kinyozi wangu.

Safari ilichelewa siku nzima kwa sababu ya mafuta. Burundi imekuwa na uhaba wa petroli wa miaka kadhaa, na mwaka ule foleni zilikuwa za magari yasiyo na watu ndani. Mtu analiacha gari lake kwenye mstari na kwenda kulala. Probox iliyonibeba mwishowe tulipanda tisa, na dereva alizima injini kila mteremko wa barabara ya Karuzi. Tulikuwa tunashuka kimya kimya, upepo tu masikioni, abiria mmoja akiomba dua kwa sauti.

Muyinga nililala kwenye mtaa wa Waswahili. Miji ya Burundi ina mitaa hii, ya watu ambao babu zao walifika na misafara ya biashara au na jeshi la Wajerumani wakabaki, na mpaka leo Kiswahili ndicho cha nyumbani na adhana ndiyo saa ya ukutani. Mwenyeji wangu alikuwa na mjukuu wa siku saba, kwa hiyo asubuhi kukawa na akika. Zamani, bibi wa nyumba aliniambia, kinyozi wa mtaa aliitwa nyumbani na wembe wake, anaketi kwenye mkeka, mtoto anashikwa na shangazi, na nywele zinakusanywa kwenye sahani ili zipimwe na uzito wake utolewe sadaka ya fedha. Kinyozi yule alikufa bila mrithi pale mtaani. Siku hiyo mtoto alinyolewa na mjomba wake kwa mashine ya umeme yenye kelele ya nyuki, akalia tangu mwanzo mpaka mwisho. "Wembe haukuwa unawaliza," bibi alisema. Sijui kama ni kweli. Mabibi husahau kilio cha watoto waliokwisha kukua.

Toka Muyinga kwenda Giteranyi nilipanda pikipiki. Nchi inashuka, joto linapanda, migomba inapungua na mtama na mihogo inaongezeka, na ardhi inakuwa nyekundu ya kutia rangi soksi. Huku ndiko Burundi inakoshuka kuelekea Ziwa Rweru. Tangu Januari 2024 mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa, hivyo biashara yote ilikuwa imegeuza uso kuelekea Tanzania: sabuni, betri, ndala, na mashine za kunyolea za Kichina ndani ya maboksi yenye picha ya Mzungu mwenye ndevu.

Kumpata mzee hakukuwa kazi. Niliuliza sokoni, kwa Kihangaza changu cha Ngara, ambacho Warundi wanakisikia kama Kirundi cha mtu mwenye mafua, na mwanamke muuza maharage akanyoosha kidole bila kuinua macho. Baraza la nyumba ya tofali, kigoda, kioo chenye ufa kimetundikwa kwa msumari. Na kitambaa cha kijani, ingawa hakiwezi kuwa kile kile.

"Amahoro, mutama," nilisema, na nikaeleza: Ngara, Lukole, mti wa sokoni, watoto wanne. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kichwa, si uso, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Kuna Mhangaza mmoja alikuwa na watoto wanne. Aliondoka na deni langu la miezi miwili. Ni baba yako?"

Nilisema marehemu baba hakuwa mtu wa madeni. Nililipa hata hivyo.

Alipoelewa nimekuja kujifunza aliona ni mchezo, akaniambia kwamba kujifunza ni mwaka. Yeye alijifunza Muyinga katika miaka ya sabini, kwa fundi mmoja wa mtaa ule ule nilikolala. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anafagia nywele na kuzichoma, kwa sababu nywele za mtu hazitupwi ovyo, mwenye nia mbaya asije akaziokota. Kisha kuchota maji. Kisha kunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, wembe wa mtu mwingine, kila siku, bila kuruhusiwa kugusa ndevu hata moja. Mwezi wa nane ndipo alipopewa kichwa, na kilikuwa cha mdogo wake fundi, mtu mwenye hasira. Nilimwambia nina siku tano. Akafikiri, akaleta mashine.

Msomaji ambaye hajawahi kuishika, hebu fikiria koleo lenye meno mdomoni. Kuna safu mbili za meno, moja imetulia, nyingine inateleza juu yake unapobana mikono ya mashine. Springi inairudisha. Kila mbano mmoja ni mkato mmoja. Nati ya juu ikilegea, nywele inapita katikati ya meno bila kukatika, inanaswa. Ikikazwa sana, mkono unachoka kabla hujafika utosini. Tone la mafuta ya cherehani asubuhi, jingine mchana. Na amri moja inayozidi zote, ambayo mzee aliirudia mpaka nikaiota: "Usivute kabla haijafunga." Meno yakiwa nusu wazi, nywele iko kinywani mwake. Ukiondoa mashine wakati huo, hukunyoa. Umeng'oa.

Siku ya kwanza nilibana hewa. Kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri, nimeketi ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, nabana mashine isiyogusa kitu, na mzee anasikiliza huku anafanya kazi yake. Anasikiliza, nasema, si anaangalia. Mbano uliokamilika una sauti mbili, ya kufunga na ya kufunguka. Wangu ulikuwa na moja na nusu. "Oya," alikuwa akisema, yaani hapana, bila kugeuka. Jioni sikuweza kushika kijiko.

Siku ya pili alinipa ngozi ya mbuzi iliyokuwa imewambwa uani kukauka. Nilisukuma mashine taratibu, nikibana huku naisogeza, kwa mwendo wa kunguru anayetembea, na manyoya yakaanza kulala chini kwa mistari. Niling'oa pia, lakini mbuzi alikuwa ameshavuka kujali. Mzee alipita kidole juu ya kazi yangu akasema kitu ambacho kijana wa Gitega hakuambiwa kwenye miezi yake mitatu, au kama aliambiwa hakukihitaji: kila kichwa kina njia zake. Nywele zinazunguka utosini kama maji yanayoingia shimoni, wengine kulia, wengine kushoto, wachache wana mizunguko miwili. Kabla ya mashine unapitisha kiganja, unaitafuta njia. Mkono wa kushoto ndio unaonyoa, alisema. Wa kulia unashika chombo tu. Wa kushoto unavuta ngozi, unainamisha kichwa, unajua kwamba mtu huyu ana kovu nyuma ya sikio, au mapunye yanayoanza, au homa.

Mapunye. Hapa sifa za mzee zinapungua. Mashine ile ile ilipita kwenye vichwa vya kambi nzima, na nakumbuka mwaka ambao sisi wanne tulirudi Ngara na mabaka ya duara kama sarafu. Mama alitupaka dawa wiki tatu. Kisha ikaja hofu ya ukimwi, na wembe wa kunolewa kwenye mkanda, aliojifunza kwa miezi, ukawa kitu cha kutisha. Hakubishana na hofu hiyo. Tangu Lukole, ambako wahudumu wa afya walipita wakiwafundisha vinyozi, anatumia wembe mpya wa karatasi kwa kila mtu, anauvunja nusu mbele ya mteja, na mashine anaipitisha kwenye spiriti na moto. Ila wateja walishaanza kuondoka. Waliobaki ni wazee wenzake. "Kila nikisikia ngoma ya msiba," alisema, "nahesabu."

Walikokwenda ni ng'ambo ya barabara, hatua arobaini. Kibanda cha mabati chenye rangi ya bluu, paneli ya sola juu, betri ya gari chini ya meza, spika, na mashine mbili za Kichina zinazotundikwa kwa waya zake kama popo. Mwenyewe hajafika miaka ishirini na mitano. Kunyoa ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuchaji simu, ambazo zimepangwa kwenye rafu, kila moja na kikaratasi cha jina. Watu wanaleta simu, wanasubiri, wakisubiri wananyolewa. Nilikaa kule alasiri moja nikaelewa kilichomshinda mzee. Siyo mtindo. Kichwa kinachochukua dakika thelathini za kubana kinaisha kwa dakika nane, hakuna anayeng'olewa nywele, na mtu anatoka na simu iliyojaa. Angekuwa baba yangu angekwenda huko pia.

Kuna kitu kinanichekesha katika hesabu ya miaka. Mashine ya umeme ya kunyolea si jambo la juzi: Leo Wahl, kijana wa mji wa Sterling, Illinois, aliomba hataza yake mwaka 1919, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 vinyozi wa Marekani walikuwa wanaitumia. Ilichukua karibu karne kufika hatua arobaini kutoka kwa mzee, na kilichoichelewesha ni waya. Kwetu Ngara, kwenye maporomoko ya Rusumo, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Mgawo wa Burundi unatoka kwenye mto ninaoujua tangu utoto. Lakini umeme mkubwa hupita juu ya vichwa vya watu wadogo ukienda mjini, na Giteranyi wananyoa kwa jua.

Na jua, mwishoni mwa Oktoba, lilijificha. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Siku yangu ya nne kulikuwa na mawingu kwa siku ya tatu mfululizo, na betri ya kibanda cha bluu ilikuwa imebeba simu nyingi kuliko uwezo wake. Jenereta la jirani lilikuwepo, petroli haikuwepo. Saa tano hivi muziki ulikatika. Tukasikia kicheko cha watu wengi, kisha akatoka mwanamume mmoja amevaa taulo shingoni, mwalimu wa shule ya msingi, upande wa kulia amenyolewa safi na upande wa kushoto kama alivyoamka. Alivuka barabara akiwa ameweka kitabu juu ya kichwa.

Mzee hakutabasamu, na hilo nalitaja kwa heshima. Alifuta kigoda. Alipitisha kiganja kwenye nusu iliyobaki, akaanza, na baraza likajaa ile sauti ya kufunga na kufunguka, kama panzi mmoja mwenye subira. Alipomaliza, upande wake na upande wa umeme hazikutofautiana, ila kwenye kisogo, ambapo pa mzee palikuwa safi zaidi. Wakaja wengine watatu siku hiyo. Mmoja, mvulana wa shule, mzee alinipa mimi. Kichwa kilikuwa chembamba na chenye joto. Niliitafuta njia ya nywele kwa mkono wa kushoto, nikaanza kisogoni, na kwa dakika kumi nilikuwa kinyozi. Kisha nikafika nyuma ya sikio, nikaharakisha, na mtoto akaruka na kilio. Nilikuwa nimeng'oa. Mzee alichukua mashine mkononi mwangu, bila neno, akamaliza. Sikupewa tena kichwa cha mtu.

Niliuliza kuhusu wanafunzi wake halisi. Walikuwa wawili. Mmoja anaendesha pikipiki, mwingine alivuka kwenda Tanzania kulima mashamba ya watu, kama vijana wengi wa huku. Hakuna aliyemaliza mwaka. Lakini hata wangemaliza, nilifikiri nikiwa nimelala usiku ule, wangemaliza nini? Mwaka mzima ulihitajika kwa sababu chombo kilikuwa kigumu. Chombo kimekuwa rahisi, mwaka umepungua kuwa wiki, na pamoja na nywele za kufagia na maji ya kuchota imekwenda ile kazi ya mkono wa kushoto, ambayo hakuna aliyekusudia kuitupa.

Jioni ya siku ya tano, kiza kinaingia, kijana wa kibanda cha bluu alivuka barabara. Alimsalimu mzee kwa mikono miwili, akaketi mbali kidogo, akaongea kwanza habari za mvua, na za maharage, na za mtoto wa fulani. Kisha akataja bei. Alitaka kuinunua mashine ya mkono, ya akiba, kwa siku kama hizi.

"Siuzi," mzee alisema.

Kijana akapandisha bei.

"Siuzi. Ukiichukua utawang'oa watu, watasema ni mashine yangu." Akaifungua kitambaa, akamkabidhi. "Bana."

Kijana akabana hewa. Sauti moja na nusu. Nilijikuta natabasamu kama mwanafunzi wa darasa la pili anayemwona mgeni wa darasa la kwanza.

Alirudi asubuhi kabla ya kufungua duka, na mawingu yalikuwa bado yapo. Alibana mpaka saa nne. Mikono yake ilikuwa inajifunza upesi kuliko yangu. Kichwa anakijua, chombo tu ndicho kigeni. Ngozi ya mbuzi nilikuwa nimeimaliza yote, haikubaki na unyoya. Mzee akatazama huku na huko barazani, akitafuta kitu cha kufundishia. Pikipiki yangu ya Muyinga ilikuwa inafika saa sita, na nywele za Gitega zilikuwa zimeanza kuota upya pembeni, zile za degrade, ambazo zikikua mwezi mmoja hazieleweki.

"Mwenzako akinyolewa," mzee alianza.

"Zako tia maji," nilisema, nikaketi kwenye kigoda.

Taulo ikafungwa shingoni. Kwenye kioo chenye ufa nilijiona vipande viwili, na nyuma yangu kijana ameshika mashine kwa mikono miwili. "Mmoja," mzee alimwambia, "wa kushoto una kazi yake." Kiganja kikapita utosini mwangu, kikasita, kikarudi. Nina mizunguko miwili, sikuwahi kuijua. Chuma kikagusa kisogo, cha baridi, chenye harufu ya spiriti na mafuta ya cherehani, harufu ya Lukole. Kufunga, kufunguka. Kufunga, kufunguka. Akafika nyuma ya sikio, pale pale, akaharakisha.

Macho yalinijaa maji.

"Umeona?" mzee aliuliza, na sikujua anamwuliza nani kati yetu.